Treni India na mama mgonjwa, Delhi hadi Chennai: nani wa kumwamini stesheni na ndani ya behewa?

Mwana_Pangani

Habari za humu wadau, na shikamooni mliotutangulia.

Mimi na mama (miaka 63, goti moja linamsumbua) tunatua Delhi mwishoni mwa mwezi ujao. Kuna vipimo vya siku chache pale, kisha tunakwenda Chennai kwa treni, na kutoka Chennai hadi Katpadi kwa ajili ya hospitali ya Vellore. Ndege ya ndani kwa watu wawili na mizigo imezidi uwezo wetu.

Kila ninayemuuliza ananipa nusu ya picha. Wengine wanasema Wahindi ndani ya treni ni wakarimu mno, watakulisha njia nzima. Wengine wanasema usipokee hata biskuti, utaamka huna pasi. Sitaki mama akae zaidi ya saa thelathini amekunja uso mbele ya watu wanaomtakia mema, na sitaki tuibiwe. Mnawatenganishaje? Naomba mambo ya kufanya hasa, hatua kwa hatua. Natanguliza shukrani.

---

Reli_na_Njia

Marahaba. Nianze na kipimo kimoja, maana ukikishika huhitaji kukariri orodha ya matapeli: mwema anakusaidia ukiwa papo hapo ulipo, tapeli lazima akuhamishe. Akuhamishe kutoka stesheni kwenda "ofisini", akutoe kwenye tiketi yako akupe nyingine, akutenganishe na begi, akupe simu yake uache yako. Kutabasamu wanatabasamu wote wawili, kwa hiyo uso haukusaidii kitu. Jiulize tu: ili nipate msaada huu, lazima niondoke hapa au niachie kitu mkononi?

Sasa stesheni ya New Delhi yenyewe. Ina pande mbili. Upande wa Paharganj ndiko jukwaa namba 1, upande wa Ajmeri Gate ndiko jukwaa namba 16. Treni ya mjini inayotoka uwanja wa ndege inakutoa upande wa Ajmeri Gate. Ujanja maarufu kuliko wote uko kwenye milango hii. Mtu nadhifu, pengine amevaa kitambulisho shingoni, anakusimamisha kabla ya mashine ya kukagua mizigo na kuomba tiketi. Anaitazama, anatikisa kichwa, anasema haijathibitishwa, au treni imefutwa, au ofisi ya wageni imeungua, imefungwa, imehamia Connaught Place, mtaa wa maduka katikati ya mji. Kisha bajaji ipo tayari, tena nauli ni ndogo ajabu. Unapelekwa kwenye duka la wakala lenye bango la "serikali", anapiga simu "kuhakikisha", na unauziwa safari ya gari au tiketi mpya kwa bei mara kadhaa ya ile halali.

Ofisi ya wageni ya reli iko ndani ya stesheni hiyohiyo, upande wa Paharganj, ghorofa ya kwanza. Ukiambiwa imehama, panda ngazi ukajionee mwenyewe. Ila wewe na mama mkiwa na viza ya matibabu, msijenge safari juu ya nafasi zilizotengewa watalii ambazo ofisi hiyo huuza. Kateni tiketi ya kawaida mapema. Tangu Novemba 2024 mauzo yanafunguliwa siku 60 kabla ya safari, na njia ya Delhi hadi Chennai hujaa haraka.

Kuna namna ya kumjibu mtu wa mlangoni bila ugomvi. Usisimame. Tiketi isitoke mkononi mwako. Sema "thank you" ukiendelea kutembea hadi kwa askari wa ulinzi wa reli (RPF) mwenye sare au dirisha la maulizo. Aliyetaka kusaidia kweli atakuacha uende. Tapeli atakufuata, atapandisha sauti, mwisho atakwambia unamkosea adabu. Hiyo adabu ndiyo mtaji wake, kwa sababu sisi tumelelewa kutomwacha mtu akiongea peke yake.

Hali ya tiketi hakuna haja ya kuambiwa na mtu. Kila tiketi ina namba ya PNR yenye tarakimu 10. Iingize kwenye tovuti ya reli, au piga 139 kwa laini ya India. Na ukikata kwa wakala, angalia PNR kwenye simu yako KABLA ya kumpa hela. Vishoka wanatengeneza karatasi nzuri kuliko ya reli yenyewe, lakini hawawezi kuigiza kinachoonekana kwenye mfumo. Pia usinunue tiketi yenye jina la mtu mwingine hata uambiwe mkaguzi hasomi majina. Anasoma, tena anataka pasi halisi, nakala haimtoshi.

---

BintiMvita

Reli kasema vizuri. Mimi nitazungumzia ndani ya behewa, kwa sababu ndiko mama atakakokaa.

Ndugu yangu, chukua 3A au 2A, madaraja ya kulala yenye kiyoyozi. Katika 3A kila chumba kina vitanda vinane: vitatu huku, vitatu vikitazamana navyo, na viwili ubavuni kando ya njia. Namba hazibadiliki. 1 na 4 ni vya chini, 2 na 5 vya kati, 3 na 6 vya juu, 7 ubavuni chini, 8 ubavuni juu, kisha hesabu inajirudia kwa nane. Kwa hiyo 9 na 12 ni vya chini pia. Goti la mama linataka cha chini, si vinginevyo. 2A haina kitanda cha kati, ina pazia, na ina nafasi ya kukaa wima mchana kutwa.

Hapa kuna jambo ambalo wageni huliita ujeuri na si ujeuri. Mchana kitanda cha kati hukunjwa kikawa mgongo wa kiti, na wote watatu hukaa kwenye kile cha chini. Saa za kulala ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo mtu akiketi miguuni pa mama saa nane mchana hakumvamia, ni haki yake. Mama akitaka kujinyoosha, mwambie amwombe tu, kwa ishara ya goti. Nadra sana atakataliwa.

Maswali nayo yatakuja mengi: unatoka nchi gani, watoto wangapi, mume yuko wapi, unaumwa nini, mshahara kiasi gani. Hayo ni mazungumzo ya treni. Ajibu anayotaka. Kinachotakiwa kubaki kifuani ni mambo matatu: jina la hoteli, fedha mlizobeba, na tarehe ya kurudi.

Kisha kuna kubadilishana vitanda. Mtu atakuja: "Aunty, ndugu yangu yuko kule, tubadilishane?" Mara nyingi ni kweli, familia hutawanywa na mfumo. Lakini mwombe aonyeshe tiketi yake, na uangalie mambo mawili: ni behewa hilihili, na ni kitanda kamili kilichothibitishwa. Cha mama kisibadilishwe ila kwa cha chini. Mkikubaliana, mwambieni mkaguzi anapopita, kwani yeye ndiye mwenye orodha. Na mkaguzi huyo ndiye wa kumwomba iwapo mama kapangiwa juu. Vitanda vya chini vilivyobaki wazi yeye ndiye anayeviona.

Mizigo: chini ya kitanda cha chini kuna pete za chuma. Nunua mnyororo mwembamba wa kama mita moja na nusu na kufuli, wachuuzi wanauza jukwaani. Upitishe kwenye mishikio ya masanduku yote, kisha kwenye pete. Mkoba wenye pasi, fedha na faili la hospitali haukai chini hata dakika moja. Ni mto wa mama usiku. Picha za MRI na ripoti zipigeni picha mzihifadhi pia kwenye barua pepe.

Wezi wa treni wana saa zao. Treni inapokokota kuingia stesheni usiku, na sekunde zile inapoanza kuondoka, mtu hunyakua akaruka. Usisimame mlangoni na simu, na usiiache ikichajiwa ukalala.

---

Mkaa_Macho

Kwenye chakula mimi sina maneno mengi: msipokee kitu. Chai, biskuti, ndizi, peremende, yote hapana. Polisi wa reli wa India wana jina kabisa la wizi huu, zaharkhurani, yaani kulisha sumu. Dawa ya usingizi inachanganywa kwenye chai au krimu ya biskuti, mtu analala saa nyingi, anaamka hana kitu. Kwa mgonjwa anayekunywa dawa nyingine ni hatari zaidi ya wizi. Matangazo yapo stesheni zao wenyewe, wao wenyewe wanaonyana.

---

BintiMvita

@Mkaa_Macho hatari ni ya kweli, na jina umelitaja sawasawa. Lakini kumwambia mama wa miaka 63 asipokee kitu kwa mtu yeyote kwa siku moja na nusu ni kumfunga pingu. Tuangalie wizi ule unavyofanyika. Mlevyaji husafiri peke yake au wawili, hana watoto, mzigo wake ni mdogo. Kimeshatayarishwa: kikombe tayari kimemiminwa, biskuti zimeshafunguliwa, kinywaji kina kifuniko kilicholegea. Anakusisitiza wewe ule, yeye ana sababu ya kutokula, au anakula cha upande wake. Na huzoea kuanza urafiki mapema, jukwaani au saa za kwanza, akitaka kujua mnashuka wapi.

Familia ni kitu kingine. Jioni bibi anafungua sufuria ya ghorofa tatu nne: chapati, viazi vya manjano, achari ya embe. Anagawa kutoka chombo kimoja, watoto wanakula, yeye anakula, kisha anakunyooshea kipande kilekile. Hapo kupokea ni sawa kwa mtu mwenye afya. Chukua kwa mkono wa kulia, na ninyi mwe na cha kurudisha: korosho za pakiti iliyofungwa, tende, peremende za watoto. Wekeni vya kufungua mbele yao, ili nao wasiwe na shaka nanyi. Wao pia wamelelewa kuogopa chakula cha mgeni.

Kwa mama mwenye dawa, njia ya kukataa isiyomuumiza mtu ipo tayari: mkono kifuani, kisha "doctor". Hakuna atakayesisitiza. Akiwa amefunga aseme "roza", wanaelewa, nao wana mifungo yao. Anayeendelea kusisitiza baada ya neno daktari, huyo mweleze mkaguzi.

Maji: angalia ule mkanda wa plastiki kwenye kifuniko haujakatika, maana chupa hujazwa upya kwenye bomba zikauzwa tena. Bei imechapwa kwenye chupa pamoja na herufi MRP, na sheria hairuhusu kuzidisha. Onyesha kidole tu.

---

Mwana_Pangani

Mungu awabariki. Nimekata jana usiku, 3A. Tiketi ya mama inaonyesha CNF B3 12 LB, yangu inaonyesha RAC 9. Wakala mmoja hapa ananiambia RAC ni batili, nimpe elfu mbili za rupia "aithibitishe". Je, ni kweli? Na pale stesheni nitambebaje mama na masanduku mawili?

---

Reli_na_Njia

Usimpe kitu. CNF ni kitanda chako. B3 ni behewa la 3A (A ni la 2A, H ni la daraja la kwanza, S ni la kulala lisilo na kiyoyozi). 12 LB ni cha chini, mama yuko salama. RAC si batili, inakuruhusu kupanda. Wawili mnagawana kiti cha ubavuni chini, mkikaa mnatazamana, na watu wakifuta safari mmoja wenu anapata kitanda kizima. Kutoka namba 9 una nafasi nzuri ya kupanda hadi CNF kabla ya orodha ya mwisho kutoka. Isiyopandisha mtu ni WL, orodha ya kusubiri. WL ya mtandaoni ikibaki hivyo hadi mwisho hufutwa yenyewe na fedha kurudi.

Hakuna wakala anayeweza kusogeza foleni hiyo. Ndani ya treni pia anaweza kuja mtu wa koti jeusi akadai fedha za kukupa kitanda. Mkaguzi halisi ana bamba la jina kifuani na orodha ya abiria, na malipo halali yoyote anayapokea kwa risiti. Hakuna risiti, hakuna hela.

Jambo moja linalowakosesha treni watu wetu, na halina tapeli ndani yake: saa. Tiketi inaandikwa kwa saa 24 za Kizungu. Ikisema 00:20 tarehe 15, hiyo ni saa sita na dakika ishirini, usiku wa KUAMKIA tarehe 15. Unatakiwa uwe stesheni jioni ya tarehe 14. Ukienda usiku wa tarehe 15 treni yako ilishaondoka jana yake. Na soma stesheni: Delhi ina New Delhi (NDLS), Delhi ya zamani (DLI), Hazrat Nizamuddin (NZM) na Anand Vihar (ANVT), zote ziko mbalimbali. Dereva akisikia "Delhi station" atakupeleka anapotaka yeye. Mwonyeshe herufi za kwenye tiketi.

Kuhusu mizigo: tafuta kuli. Neno ni lilelile, na huyu ni mtu wa kazi halali. Ana shati jekundu na bamba la shaba mkononi lenye namba. Kabla hajagusa sanduku, fanyeni mambo matatu: mpatane bei ya safari nzima hadi kwenye kiti B3, si ya kila sanduku, soma namba ya bamba, ikiwezekana ipige picha mbele yake, na mwonyeshe tiketi bila kuiachia. Asiye na bamba si kuli. Anatembea mbio na masanduku kichwani, atapanda daraja la juu kabla yenu, kwa hiyo wewe mfuate yeye na mama abaki kwenye benchi chini ya ubao wa majukwaa hadi urudi, au muombe kiti cha magurudumu kwa mkuu wa stesheni mapema, saa moja kabla. Hapa utauona wema wenyewe: kuli mzuri anajua B3 itasimama wapi, anaingia kabla ya msukumano, anasukuma mizigo chini ya 12 na kuhamisha ya wengine bila kuombwa. Mwongeze kidogo.

Chenji pia. Noti ya 500 ni ya kijivu, ya 100 ni ya zambarau hafifu. Ujanja wa dirishani na kwenye vibanda: unatoa 500, anainamisha mkono, anainua 100 na kusema umetoa pungufu. Itaje noti kwa sauti unapoitoa, "five hundred", na usiiachie mpaka akujibu. Noti iliyochanika usipokee, hakuna atakayeichukua kwako. Ya 2000 ikatae pia, iliondolewa kwenye mzunguko 2023.

---

Kadogo_wa_Vellore

Nami niongeze mwisho wa safari. Chennai Central hadi Katpadi ni kama kilomita 130, takriban saa mbili. Katpadi si mwisho wa njia kwa treni nyingi, na husimama dakika chache tu. Kwa hiyo dakika ishirini kabla, fungueni mnyororo, viatu mguuni, mizigo karibu na mlango, mama akiwa ameshikilia mshikio. Programu ya reli, NTES, inaonyesha treni iko wapi na imechelewa kiasi gani. Usitegemee saa ya kwenye tiketi.

Maneno ya Kihindi tunayofanana nayo, gari, chai, pesa, duka, yatawasaidia kaskazini. Kule Tamil Nadu watu wengi hawatumii Kihindi, Kiingereza chepesi kitawafikisha mbali zaidi. Lakini heshima yao ni kama ya kwetu: mwanamume mwite "anna", kaka mkubwa, mwanamke "akka", dada mkubwa. Mama yako ataitwa "amma" na kila mtu. "Nandri" ni asante. Ukimwita dereva "anna" kabla ya kuuliza bei, mazungumzo yanaanza pazuri.

Nje ya stesheni madereva wa bajaji wanajua kabisa mgeni wa Afrika anakwenda hospitali. Wengi ni waungwana. Baadhi wanalipwa kamisheni na nyumba za wageni, ndiyo maana utaambiwa uliyochagua imejaa, imefungwa, au haipokei wageni wa nje. Piga mwenyewe, kwa simu yako, kwa namba uliyotoka nayo nyumbani. Atakayekupigia yeye kwa simu yake anampigia mwenzake. Vilevile mtu wa nje akikuambia anaweza kukupa miadi ya daktari leo kwa fedha za mkononi, muache hapo. Kujiandikisha na kulipa ni kwenye madirisha na tovuti ya hospitali, kwa risiti.

Lakini msimshuku anayeomba pasi mapokezi. Kila nyumba ya wageni na hospitali inatakiwa kisheria kujaza fomu ya mgeni (iliyojulikana kama Fomu C) ndani ya saa 24, kwa hiyo watanakili pasi na viza. Inanakiliwa mbele yako na inarudi mkononi dakika hiyohiyo.

---

Mkaa_Macho

@BintiMvita hilo la chombo kimoja nimelikubali, kwa wasio wagonjwa.

Mwana_Pangani, likitokea la kutokea ndani ya treni, usishuke kulifukuzia. Piga 139, chagua usalama, taja namba ya treni, behewa na kitanda. Askari wa RPF hupanda stesheni inayofuata. Fomu ya malalamiko unaweza kuijaza mikononi mwa mkaguzi au askari wa ndani ya treni, ikapelekwa kwa polisi wa reli, GRP, huku ninyi mkiendelea na safari. Dai nakala yenye namba. Bila hiyo ubalozi wetu New Delhi utakuchukua muda mrefu zaidi kukupa hati ya dharura. Nje ya reli namba ni 112.

Na leo, kabla hujapanga nguo, andika kwenye karatasi moja: 139, PNR, B3/12, namba yako ya India ukishaipata, namba ya hospitali, na dawa za mama kwa majina yake halisi. Mkunjie mama kwenye kitambaa anachojifunga, si kwenye mkoba. Ukienda kuchota maji jukwaani treni ikaondoka na yeye, abiria wa kando atahitaji karatasi hiyo ili amsaidie bila mama kusema neno.

---

Mwana_Pangani

Karatasi nimeiandika sasa hivi, nimemsomea. RAC imeshuka hadi 4 asubuhi hii. Anauliza korosho za kugawa abebe kilo ngapi.

---

BintiMvita

Kilo moja inatosha, iwe pakiti ndogondogo za robo zilizofungwa, kila moja ifunguliwe kwa wakati wake. Mpe shikamoo yangu.